Mnunuzi Akijitoa: Habari ya Majuma Manne ya Nyumba Yetu

Maneno haya yalisomwa na komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Kasongo. Tunayachapa namna yalivyosomwa, juu wengi wa Kabambare hawakuweza kufika, na wafadhili wetu nao walikuwa wametuuliza.

Mababa na mamama, yaya zetu, vijana, nanyi wafadhili mtakaosoma tu bila kusikia sauti: tunawasalimu wote. Waliotembea siku mbili tatu kwa kinga toka Kabambare, poleni na njia. Chai iko nyuma ya nyumba, lakini tusikilizane kwanza.

Tumeitwa kueleza kesi moja tu. Mama mmoja wa chama aliuza majuma yake ya nyumba ya pamoja, mnunuzi akatoa avansi, kisha akajitoa. Hatutataja majina, ingawa kila mtu humu anawajua wote wawili. Mama mwenyewe ametuambia: «Semeni yote, hata pale nilipokosa.» Basi tutasema pale alipokosa yeye, na pale tulipokosa sisi, na sisi ndio tuliokosa zaidi.

Kwa ajili ya wafadhili, tueleze nyumba yenyewe. Tuliporudi, wengine toka Nyarugusu na Lugufu kule Kigoma, wengine toka maporini na kwa jamaa tu, wengi tulikuta paseli zetu zimeshikwa na watu wengine. Kijijini mtu anaweza kujenga tena kidogo kidogo. Lakini mtu wa Kabambare akileta mpunga ao karanga Kasongo, atalala wapi? Mzigo atauweka wapi usiku ule, kama hana ndugu mjini? Asipokuwa na mahali, anauza siku ileile kwa bei ya yule wa kwanza kumwona, na huyo wa kwanza anajua vizuri kwamba jua linazama. Ndiyo maana jamaa kumi na mbili tuliunganisha nguvu, tukapata nyumba karibu na soko: vyumba viwili vya kulala na depo yenye saruji chini. Kila jamaa ina majuma manne kwa mwaka. Hayo ni 48. Manne yanayobaki ni ya kutengeneza nyumba na kupigana na mchwa.

Majuma hayana uzito sawa. Tulipiga kura, na kura haina huruma. Mwenye majuma ya mwisho wa Januari na Februari anafika na mpunga mpya. Mwenye majuma ya Aprili anafika na matope. Mama yetu huyu alipata Januari na Februari. Tulimwonea wivu, tuseme ukweli.

Ndugu mmoja anayetusaidia toka Ubelgiji alicheka sana tulipomweleza mambo haya. Kumbe huko Ulaya watu hununua majuma hivyohivyo, katika nyumba za kando ya bahari, kwa mapumziko! Akasema kununua ni rahisi, kuuza tena ndiko kwenye taabu, na wajanja ni wengi mno hata Umoja wa Ulaya ukaweka sheria mwaka 2009. Mnunuzi ana siku 14 za kujitoa bila kuulizwa sababu, na ndani ya siku zile ni marufuku kupokea kwake hata senti. Na mtu wa katikati, yule anayekusaidia kuuza majuma yako, haruhusiwi kuchukua pesa kabla mauzo hayajaisha. Tulisikiliza kama hadithi ya mbali. Tulikosea. Tutarudi hapo.

Sasa kesi. Mama alitaka kuuza majuma yake yote manne, moja kwa moja, kwa dola 450. Alikuwa na sababu: nyumba yake ya kijijini ilivuja, mtoto alikuwa anafukuzwa masomoni juu ya pesa ya shule, na magoti yake hayakumruhusu tena kufuata mizigo Kasongo kila mwaka. Walitokea wawili. Mmoja mwalimu, alitaka majuma mawili tu kwa dola 200, pesa mkononi. Wa pili mfanyabiashara wa karanga na mawese hapa mjini, mtu wa heshima, anayesali, alitaka yote manne kwa bei yote. Mama alimchukua wa pili. Nani kati yetu asingemchukua? Mwalimu akaambiwa asante, akaenda kununua pikipiki.

Mwezi wa Novemba mfanyabiashara alitoa avansi ya dola 150. Karatasi ikaandikwa mbele ya mmoja wa komite. Tunaisoma yote, ni fupi: «Nimepokea dola 150, avansi ya majuma yangu manne, jumla 450. Zinazobaki atalipa akifika.»

Akifika! Akifika wapi, siku gani? Na asipofika? Sisi tuliosoma mpaka darasa fulani tuliweka sahihi kwenye karatasi ile, tukapiga na mhuri wa chama.

Majuma yakaanza. Mnunuzi akatuma neno: juma lijalo. Mama akamwachia nyumba tupu, juu ni yake sasa, si vizuri kuingiza mzigo wako katika nyumba ya mtu. Juma la pili, neno lilelile. Mpunga wake mwenyewe mama akauuza kijijini, kwa wale wanaopita na mizani yao. Juma la tatu simu haikupokelewa. Juma la nne lilipokaribia kuisha, mnunuzi akaja mwenyewe mbele ya komite, akakaa, akasema: «Sitaweza. Mnirudishie ile avansi.»

Nyumba ilikuwa imefungwa majuma manne mazuri kuliko yote ya mwaka, bila gunia hata moja ndani.

Na ile dola 150 haikuwepo tena. Mama alikuwa amelipa 55 shuleni. Alitumia 35 kwa safari na chakula. Na 60 alimpa muuza mabati, akachukua mabati ishirini ya dola tisa tisa, deni la 120 likabaki, kwa kutegemea zile 300 za mnunuzi. Manane yalikuwa yamekwisha kupigiliwa juu ya chumba cha kulala. Alipoambiwa arudishe pesa, alisema neno ambalo wote mmelisikia: «Mimi nilishaka kuikula, sasa nitaitapika wapi?»

Hapa ndipo sisi tulipoharibu. Jioni ile komite ilikaa kwa hasira. Mmoja wetu akasema mtu huyo atangazwe kwenye radio kama mwizi. Wengine tukaitikia. Radio hatukuenda, lakini kesho yake asubuhi vijana wetu sita walikwenda kwenye duka lake na kupiga makelele mbele ya wateja. Hakuna aliyewatuma kwa mdomo, lakini hakuna pia aliyewazuia, na walikuwa wamesikia yote tuliyosema usiku. Tulikwenda kumwomba radhi siku tatu baadaye. Alitupokea, akatupa viti. Hapo ndipo tulipojua sababu yake: pesa yake ilikuwa Salamabila, kwa mwenzake wa biashara ya dhahabu, na mwenzake huyo alikuwa amekimbia usalama mbaya, hajulikani yuko wapi. Kila mtu wa Kabambare anajua pesa ya kule inavyolala na kuamka. Hata mgodi mkubwa wa Namoya, wenye kampuni nyuma yake, ulisimamisha kazi mwaka 2019 juu ya usalama. Sembuse mtu mmoja na duka lake. Sababu hiyo haikumrudishia mama majuma yake. Lakini kama tungeiuliza siku ya kwanza, tungezungumza na mtu. Tulizungumza na mwizi wa kichwani mwetu.

Kisha likaja swali lenyewe: avansi ni ya nani?

Tulidhani jibu ni moja. Tulipata mawili, na yote mawili yana nguvu.

Tulimwendea mtu anayejua sheria. Alituambia kwamba sheria yetu ya mikataba ni ya zamani, ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inafanya kazi. Makubaliano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioyafanya. Na kama ahadi ya kuuza ilifungwa kwa arabuni, ile inayoitwa arrhes kwa Kifaransa, kila upande anaweza kujitoa: aliyetoa akijitoa anaipoteza, na aliyepokea akijitoa anarudisha mara mbili. Tukafurahi. Akatusimamisha. Akasema: karatasi yenu haisemi arabuni, inasema avansi. Avansi inaweza kuwa akonti tu, yaani kipande cha kwanza cha bei, na hiyo ina njia nyingine: mauzo yamefungwa, muuzaji anaweza kudai bei yote, ao mauzo yavunjwe, pesa irudi na aliyesababisha hasara ailipe. Neno moja mlilosahau kuandika, akasema, mbele ya jaji litazungumziwa mwaka mzima. Akatukumbusha pia kwamba kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 udongo ni wa Serikali, sisi tuna haki ya kuutumia na tuna kuta juu yake. Basi mtu anayeuza majuma anauza zamu yake ya kutumia, asiandike kamwe kwamba ameuza «paseli».

Jibu la pili lilitoka msikitini. Muuzaji na mnunuzi wote ni Waislamu, wote walikubali kwenda kwa shehe. Na shehe akasema kinyume. Katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu hapa tunafuata, kula arabuni ya mtu aliyejitoa hakukubaliwi, juu unachukua mali bila kutoa kitu. Madhehebu ya Hanbali wanaruhusu, akasema hilo bila kuficha. Akaongeza kwamba kumwachilia mtu aliyejuta kununua kuna thawabu kubwa. Jambo la ajabu, neno la dini na neno la jaji ni ndugu: arabuni ya Kiarabu na arrhes ya Kifaransa vimetoka katika mzizi mmoja wa kale. Neno moja, hukumu mbili, na katikati mama mwenye mabati manane juu ya paa.

Tulikaa siku mbili chini ya paa la shefu wa kartie: mama na kaka yake, mnunuzi na mkewe, shehe, mtu wetu wa sheria, na komite, ambayo safari hii ilinyamaza. Aliyefungua njia ni mke wa mnunuzi. Alisema: «Avansi ni yetu, lakini nyumba ilifungwa kwa ajili yetu. Kama tungepanga tu, tungelipa.» Hapo hata shehe alitikisa kichwa kukubali, juu malipo ya nyumba si kula mali bure. Majuma yale hukodishwa dola 10 kwa juma. Majuma manne, dola 40. Basi mnunuzi akubali kupoteza 40, arudishiwe 110, kwa vipande, ndani ya miezi mitano. Wote wakaweka sahihi. Safari hii tuliandika tarehe.

Je, mama aliridhika? Hapana. Tofauti ya bei ya mpunga wake, kati ya kijijini na depo, haikuingia katika hesabu ile. Alisema na tukaona ana haki, lakini hatukuweza kuipima kwa namna ambayo upande wa pili ungekubali. Hilo lilibaki ndani yake, na bado limo.

Zile 110 zilipatikana hivi. Muuza mabati alikubali kuchukua tena mabati kumi na mawili ambayo hayajatobolewa. Yenye matundu ya misumari hakuyataka, na hatuwezi kumlaumu. Manane ni dola 72, mama alikuwa ametoa 60, likabaki deni la 12 tu. Hilo halikuleta pesa, lakini lilimtoa shingoni deni la 108. Jamaa moja ilimpa majuma yao mawili ya mwezi wa sita, naye atawarudishia moja la kwake Januari ijayo. Akayakodisha kwa watu waliokuwa wanauguza ndugu yao ku Hopitali Jenerali: dola 20. Kaka yake aliuza mbuzi, 30. Na 60 zilizobaki zilitoka kwenye sanduku la chama.

Wafadhili, sasa tunafika kwenu. Sanduku lile mlilichangia kwa ugonjwa na misiba. Mlituuliza kwa barua tumelitumia kwa sheria gani. Kwa sheria hakuna. Komite iliamua peke yake, usiku, watu watano. Tulifikiri hivi: chama kilipiga mhuri kwenye karatasi mbaya, basi chama kibebe sehemu. Hatukumpa zawadi, tulimkopesha. Amekwisha kurudisha 35, zimebaki 25. Lakini mwezi uleule jamaa moja ya Kabambare ilifiwa na mtoto, wakaja, wakapata nusu ya kile kinachotolewa siku zote, juu sanduku lilikuwa jepesi. Jamaa hiyo iko humu ndani leo. Tuliwaomba radhi nyumbani kwao, tunawaomba tena mbele yenu.

Wengi mmetuuliza nje: mtu afanye nini siku ile mnunuzi anaposema sitaki? Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho. Siku ile usimfuate, wala usitume mtu. Kalale. Kesho yake muulize sababu, juu mwingine hajakataa kitu, amekosa muda tu, na ukimpa mwezi atalipa. Wakati huohuo rudisha zamu yako mikononi: ingia nyumbani, weka mzigo wako ao ukodishe, hata juma moja. Mama yetu alipoteza zaidi kwa kungoja kuliko kwa kukataliwa. Na yule wa pili aliyetaka kununua, msimfukuze kwa asante tu. Mwambieni angoje, mwandikeni jina na simu. Mwalimu wetu alikuwa na pesa mkononi, leo tunamwona anapita nayo ina magurudumu mawili.

Juu ya avansi tunasema neno gumu: mpaka mauzo yaishe, avansi si pesa yako. Tunajua ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyelala chini ya mvua. Mama alipokea dola 150 mwezi wa mvua, mtoto yuko nyumbani na daftari, kisha tumwambie azifunge kwenye kitambaa aziangalie mpaka Februari? Ndiyo maana ile sheria ya Ulaya ilianza kutuonekana si hadithi. Kama hakuna pesa inayopokelewa katika siku za kufikiri, hakuna inayoliwa, na hakuna ya kutapika.

Komite inaleta mbele yenu mambo haya mkate shauri. Kwanza, anayeuza majuma awaulize wanachama kwanza, siku 14, kabla ya mtu wa nje. Pili, mnunuzi naye apewe siku 14 za kufikiri bila kutoa pesa. Tatu, akitoa avansi baada ya hapo, ikae kwa mtunza sanduku, katika bahasha yenye jina, isiguswe na mtu, hata na sisi, mpaka alipe zote. Nne, karatasi iseme siku ya mwisho ya kulipa, na iseme kwa maneno kamili: akijitoa, atakatwa kodi ya majuma yaliyofungwa kwa ajili yake, zinazobaki zitarudi. Tusitumie neno avansi peke yake. Tano, ufunguo hautoki kwa mwandishi kabla ya senti ya mwisho, na kama siku ya mwisho imepita, unarudi kwa mwenye zamu palepale.

Kuna la sita ambalo komite haikukubaliana. Watatu wanataka sanduku lisikopeshe tena kamwe kwa biashara ya nyumba. Wawili wanasema tutenge sanduku dogo la pili, kila jamaa dola moja kwa mwezi, juu kesi kama hii itarudi, na siku hiyo mtu atakuja tena usiku kugonga mlango wa mtunza sanduku. Tunawaachia ninyi.

Majuma ya mama: bado ni yake. Januari ijayo atalipa lile juma moja alilokopa, matatu yanayobaki hauzi tena, atakodisha. Mnunuzi wetu wa zamani ameomba kukodisha mawili kwa karanga zake, na mama amekubali, kodi ilipwe kabla ya kuingia. Vipande vya mwisho vya zile 110 alivipokea mwezi uliopita, karatasi iko kwa mwandishi, anayetaka kuiona aione.

Sasa tuanze na la kwanza. Wanaokubali wainue mikono, na walio nje kwenye chai waitwe.